Usingizi wa Mchana wa Mdogo Wangu

Nina nyumba ya vyumba vinne Buzuruga, mume anayerudi kila akimaliza safari zake za lori, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na friji ambalo halijawahi kukaa tupu. Mdogo wangu ana chumba kimoja juu ya mawe ya Kirumba. Ameachika, mtoto wake pekee yuko bweni, na kiti chake cha plastiki kina ufa unaofinya mgeni. Mtu asiyetufahamu akiambiwa aseme ni nani kati yetu anamwonea mwenzake wivu, atakosea. Ni mimi. Nimemwonea wivu mdogo wangu kwa miaka mingi, na ninachomwonea ni usingizi wake wa mchana.

Labda nieleze kazi yetu kwanza, maana bila hiyo nitaonekana mwendawazimu. Sisi wote wawili ni watu wa dagaa. Tunawanunua wabichi alfajiri kwenye mwalo mmoja, ufuo wa kushushia samaki, nje kidogo ya mji, tunawaanika, wakikauka tunawafungasha na kuwapeleka Mwaloni Kirumba sokoni. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa hawaifuati taa tena, mitumbwi inakaa nchi kavu, na sisi waanikaji tunakosa cha kuanika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kila mwezi tunapewa kama wiki nzima ya kukaa bure, tupende tusipende. Sisi tunaiita mbalamwezi.

Mbalamwezi ikifika, mdogo wangu anapumzika. Anaosha vyombo vya mchana, anazima simu, anatandika mkeka kwenye jiwe bapa nyuma ya chumba chake, upande wenye kivuli, halafu analala. Hajitupi tu kidogo kupunguza uchovu kama watu wengine. Analala hasa, mdomo wazi, mpaka aamke mwenyewe. Nikimpigia ninaambiwa namba ninayopiga haipatikani kwa sasa, na ile sauti ya yule dada wa kwenye simu huwa inanichefua kama vile naye ametoka kulala.

Mimi mbalamwezi ndiyo inanimaliza. Watu wa dagaa wote wakiwa huru, ndipo vikao vyote vinapopangwa. Kamati ya kitchen party, kamati ya send-off, maandalizi ya kipaimara, jumuiya, kwaya, kikundi cha akina mama wa mtaa. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati mbili kwa wakati mmoja huku nikiwa katibu wa ya tatu. Simu yangu ina magrupu ambayo mengine sikumbuki ni ya sherehe ipi, na maharusi wa mojawapo wameshapata mtoto. Watu husema, "Tumpe yule mama, hashindwi." Nami ninapoambiwa hivyo najisikia mrefu kwa dakika mbili, kisha shingo inaanza kuuma.

Mdogo wangu waliwahi kumpa kamati moja tu. Aliwajibu, "Asanteni, ila mimi siwezi," akaendelea kula muhogo wake. Hakutoa sababu. Hakusema anaumwa wala ana msiba. Nilisubiri wamnunie, wamseme, wamtenge. Wakamzoea hivyohivyo, na arusi ilipofika wakamkalisha meza ya mbele pamoja na sisi tuliovimba miguu. Niliona alivyokula wali wake taratibu, kucha zake zina rangi, na roho ikaniuma kiasi kwamba nyama ilinishinda kutafuna.

Hata kwenye kuanika ni vilevile. Chanja zetu, zile meza za wavu za kuanikia, zinapakana. Yeye anatandaza dagaa wake asubuhi, jua likikolea anawageuza mara moja, kisha anakaa chini ya turubai. Mimi siwezi. Nikiwaacha naona kama wanashikana, naona wingu hata pale ambapo hakuna, nawageuza na kuwageuza, na hatimaye wanakatika vichwa. Wake wanatoka wazima, wanang'aa. Mnunuzi anapita kwangu, anachota kiganjani, anapuliza, anasogea kwake.

"Dada, waache wapumue," huwa ananiambia.

"Chanja yako imeelekea jua vizuri," mimi humjibu.

Kuna msimu nilimwomba tubadilishane chanja. Alikubali palepale, bila hata kuuliza kwa nini, jambo ambalo nalo liliniudhi. Ule msimu wote dagaa wake walitoka wazima kwenye chanja yangu, na wangu walikatika vichwa kwenye yake.

Nikaamua kumwiga. Sikumwambia mtu. Mbalamwezi moja nilijitoa kwenye magrupu yote asubuhi moja, moja baada ya jingine, nikatandika mkeka barazani, nikalala chali. Nilikuwa nasubiri. Nilijua watapiga simu, watauliza kulikoni, mama huyu ameudhiwa na nani, tumfuate nyumbani tukamwombe radhi. Mdogo wangu alipojitoa kwenye grupu la ukoo, baba mdogo alipiga simu kutoka Musoma kuuliza kama ni mzima. Mimi saa sita ikapita, saa nane ikapita. Hakupiga mtu. Saa kumi nilimwandikia katibu kwamba simu ilinisumbua, aniunganishe tena. Alinijibu, "Kumbe ulikuwa umetoka?" Nililia kidogo, halafu nikafungua agenda.

Nimeyasema hayo yote ili ieleweke nilikuwa na moyo wa namna gani mwaka Mama alipougua.

Mama anaishi Majita, kule Mara, kwenye mji wetu wa kuzaliwa. Kwenye zahanati ya kule walimpima wakakuta presha iko juu, wakamwandikia aje Mwanza aonwe na daktari, kisha apumzike mahali penye utulivu kwa muda. Simu ilikuja kwangu, maana mimi ndiye mkubwa. Kabla hata sijamaliza kusikia habari za ugonjwa nilikuwa nimeshaanza kuwaza: atafikia kwa nani?

Nakiri hilo bila kujitetea. Nilimpenda Mama na niliogopa. Lakini juu ya hofu kulikuwa na hesabu nyingine: akifikia kwa mdogo wangu ukoo mzima utajua kwamba utulivu uko kule, na mimi na nyumba yangu ya vyumba vinne nitakuwa mahali pa kubadilishia gari. Nilimpigia mdogo wangu asubuhi, kabla hajazima simu.

"Mtu mwenye presha atapandaje hayo mawe yako?" nilimuuliza.

"Kweli, Dada. Aje kwako," alisema. "Mimi nitakuwa nashuka kumwona."

Alikubali upesi mno. Nilitaka anibishie kidogo.

Nikapanga safari ya Mama iangukie mbalamwezi, ili niwe huru kumhudumia. Mtu mwingine yeyote angekosea jambo lolote lile, lakini kosa hili ni la mtu wa dagaa peke yake: nilitazama mwezi, sikutazama daftari la vikao. Mama alishuka stendi ya Buzuruga siku ya Jumatatu na kikapu chake cha matembele na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Jumanne nilikuwa na kikao sebuleni kwangu, Jumatano viwili, Alhamisi washonaji wa sare walikuwa wanakuja kupima watu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Sijakonda, Mama. Wewe ndiye mgonjwa."

Daktari alimwona, akampa dawa, na nesi akatueleza mambo ya kuepuka: chumvi nyingi, kelele, habari za kushtua, ugomvi, kukosa usingizi. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa naandika. Nilirudi nyumbani nikausimamia utulivu wa Mama kama ninavyosimamia shughuli. Nilizima redio. Niliondoa betri kwenye saa ya ukutani. Nilikwenda kwa jirani kumwomba amfungie jogoo wake ndani, tukagombana, na Mama akawa amesikia kila neno kupitia dirishani. Wanangu niliwaambia watembee peku. Simu niliiweka isilie, itikisike tu, nikaiweka juu ya meza ya kioo, na kila ujumbe wa kamati ulipoingia meza nzima ilitetemeka na vikombe vyake.

Halafu kulikuwa na mashine ya kupimia presha. Niliiazima kwa mwanakwaya mwenzangu. Nilimpima Mama asubuhi, mchana na jioni, na nikiona namba siipendi nilimpima tena papo hapo. Alianza kuficha mkono ndani ya khanga akiniona nainuka. Mchana alipojilaza nilifungua mlango taratibu na kumuuliza kama amelala.

"Nilikuwa nakaribia," alisema.

"Basi lala, Mama. Usiwaze kitu. Umewaza nini?"

Mdogo wangu alishuka siku ya Jumatano, kama alivyoahidi. Alikuja na mapapai mawili. Alikaa chini sakafuni karibu na miguu ya Mama, akamenya papai, wakala. Nilikuwa nakwenda na kurudi kati ya sebule iliyojaa wanakamati na chumba cha Mama, na kila nilipochungulia nilikuta hawazungumzi. Wanakula papai tu. Nilitamani niwakute wananisengenya, ningejua la kufanya. Alipoondoka nilimpima Mama na namba ikawa nzuri kuliko siku zote tangu aje. Sikumwambia. Nilisema mashine haikukaza vizuri, nikapima tena, ikapanda, nami nikaandika hiyo ya pili.

Jambo hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote ninayoyaandika hapa.

Alhamisi washonaji walikuja pamoja na akina mama kumi na kitu. Palikuwa na mabishano kuhusu kitambaa: wengine walitaka rangi ya maji ya kunde, wengine walisema inawafanya weusi zaidi. Nilikuwa nimeshika kalamu ya mwenyekiti nikigonga meza. Saa nane hivi nilikwenda kumpima Mama kipimo cha mchana. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kikapu hakipo. Mkebe wa dawa haupo. Mlango wa nyuma ulikuwa umeegeshwa.

Niliita chooni, niliita uani, nikamuuliza jirani wa jogoo, ambaye alinijibu kwamba yeye si mlinzi wangu. Nilimpigia mdogo wangu. Namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena, na tena, nikimtukana yule dada wa kwenye simu kwa sauti mbele ya wanakamati wangu. Nilikimbia stendi nikiwa na ndara, mguu mmoja wa rangi moja na mwingine wa nyingine, nikachungulia kila gari la Musoma, nikiuliza makondakta kama wamemwona mama mfupi mwenye kikapu. Akina mama wenye vikapu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kujua. Niliwaza ameanguka mahali. Niliwaza ameanguka, na watu watauliza alikuwa anakaa kwa nani.

Nilichukua bajaji mpaka Kirumba. Dereva aliniacha pale njia inapoishia na mawe yanapoanza, nikapanda zile ngazi za kuchonga huku nikishika majabali kwa mikono miwili. Nilipita kwenye nguo za watu zilizoanikwa, nilipita mbuzi. Kifua kiliwaka. Nilipofika, chumba chake kilikuwa kimefungwa kwa komeo tu. Nikazunguka nyuma.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka.

Amelala hasa. Kitambaa cha kichwa kimetoka, mvi zake zote nje, mkono mmoja umetupwa pembeni, ule mkono aliokuwa akinificha. Mdogo wangu alikuwa ubavuni kwake, amempa mgongo, mdomo wazi. Kikapu kilikuwa kichwani pao na mkebe wa dawa ndani yake, pamoja na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa sahani. Huko chini ziwa lilikuwa limetulia na feri moja ilikuwa inatoka, na kelele za mji zilifika pale zikiwa ndogo.

Nilipaswa kumshukuru Mungu. Nilikuja kumshukuru baadaye. Lakini pale, kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa wivu, tena wivu wa kitoto kabisa, ule wa kutaka kumvuta mtu nywele. Siku nne kwangu, kwenye godoro jipya, chini ya feni, Mama hakuwahi kulala namna ile hata mara moja. Amekuja huku kupanda mawe, amelala juu ya jiwe.

Nadhani nilipumua kwa nguvu. Mama akafungua macho.

"Umefika," alisema, bila kushtuka.

"Mama, umenitia presha! Unaondokaje bila kuaga? Nimekutafuta stendi nzima!"

"Punguza sauti." Akajiinua polepole, akakaa. "Nilikuaga."

"Saa ngapi?"

"Nilisimama mlangoni pa sebule na kikapu changu. Nikasema, mwanangu, mimi ninakwenda kwa mdogo wako. Ukasema, sawa, Mama."

Nikakumbuka. Nilikuwa nimeinamia vipande vya kitambaa. Nilisikia sauti yake na nilijibu sawa, kama ninavyomjibu kila mtu anayesema neno lolote nikiwa kazini. Nilidhani anakwenda uani.

"Bajaji iliniacha chini, nikapanda taratibu," aliendelea. "Nilipumzika kila nilipochoka. Hakuna aliyenihimiza."

"Kwa nini lakini, Mama? Kwangu ulikosa nini?"

Niliuliza kwa hasira, lakini swali lilitoka kama ombi. Alinitazama kwa muda, kuanzia kwenye zile ndara mbili hadi kwenye kalamu ambayo bado nilikuwa nimeishika mkononi.

"Sikukosa kitu. Kwako silali kwa sababu ninakusikiliza wewe. Nasikia unafungua mlango, unafunga, unagombana, unaita. Nalala pale nasema, huyu mtoto ataanguka lini. Hiyo mashine yako, ungejipima wewe."

Nilikaa chini. Jiwe lilikuwa na joto.

"Unajua ulianza lini?" Mama alisema. "Ulikuwa na miaka mitano. Huyu nilikuwa naye mgongoni, baba yenu ziwani. Nilikukabidhi fimbo, nikakuweka mwaloni ulinde dagaa, ndege wasile, kuku wasile, mvua ikija upige kelele. Ulikuwa unazunguka pale kutwa nzima. Nilikuwa napita nawaambia watu, mwoneni mwanangu, hachoki." Akaanza kufunga kitambaa chake upya. "Sikuwahi kuja kukwambia basi, imetosha, nenda kalale. Huyu nilimlaza kila siku. Wewe nilikusahau pale."

Miaka yote nilikuwa nadhani mdogo wangu amezaliwa na moyo mwepesi, kama wengine wanavyozaliwa na sauti ya kuimba, na mimi nikanyimwa. Kumbe alipewa. Alipewa na mtu, mchana baada ya mchana, mikononi, huku mimi nikifukuza ndege. Ningefurahi zaidi nisingeambiwa.

"Mama, nina watu sebuleni," nikasema.

"Wana midomo. Watachagua kitambaa."

Kisha akafanya jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu nizaliwe. Alimgeukia mdogo wangu na kumsukuma bega.

"Sogea," alimwambia. "Mpishe dada yako alale."

Maisha yangu yote nimeambiwa nimpishe yeye. Kitandani, mezani, mgongoni mwa baba. Mdogo wangu alisogea bila kufungua macho, akaguna, akaendelea na usingizi wake ukingoni mwa mkeka, nusu ya mwili juu ya jiwe tupu. Nilivua ndara, nikajilaza pale alipokuwa yeye. Palikuwa bado na joto lake. Nilitazama juu, nikasubiri kutulia, na badala yake nikaanza kulia, kilio cha kwikwi, cha mtoto wa miaka mitano, nikashindwa kukizuia hata kwa khanga mdomoni.

Mama aliniwekea mkono tumboni, akanibembeleza.

"Lia, mwanangu, lia," alisema. "Ila taratibu, usije ukamwamsha mdogo wako."